Ukitaka Ukumbi Wote Ucheze, Usianze na Raga

Anayeijua Moshi ya mwezi wa Desemba hahitaji kuelezwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanashusha watu mchana na usiku, bei ya mbuzi inapanda, na kule Masama, Machame na Marangu nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa madirisha. Wakati huohuo wageni wa kupanda mlima nao wanafika kwa wingi. Basi Jumamosi usiku, katika ukumbi mmoja wa mjini, utawakuta wapagazi waliotoka mlimani jana na wamelipwa leo, wageni wao wanaotembea kama vilema kwa maumivu ya magoti, wanafunzi wa chuo cha ushirika, wauguzi wa KCMC waliomaliza zamu, vijana wa Dar es Salaam wenye viatu vyeupe, na mjomba mmoja wa Masama aliyeteremka na wapwa zake baada ya kumaliza kata mbili za mbege.

Nilikuwa katika ukumbi wa namna hiyo siku mbili baada ya Krismasi. Sitautaja jina, maana mwenyewe ni mtu wa kununa. Mlangoni palibandikwa tangazo la usiku wa rege na raga. Saa nne na nusu hapakuwa na pa kuweka kiti. Saa sita walikuwa wamebaki vijana wanane hivi mbele ya mitambo, wakirukaruka na kumshangilia mpiga muziki. Akina dada walikuwa wamekaa, mikoba mapajani. Wageni walikuwa wameshaondoka. Mjomba na rika lake walikuwa nje kwenye nyama choma, wakilalamika kwamba siku hizi hakuna muziki.

Mwenye ukumbi alimkata kijana yule nusu ya malipo. Aliponiona naondoka alinifuata. "Shikamoo, kaka. Wewe ni mtu wa redio. Hebu niambie nimekosea wapi? Nyimbo zote nilizopiga ni kali."

Ni kweli, zilikuwa kali. Kosa lake lilikuwa jingine, na kwa kuwa najua wako wengi wanaokatwa fedha kwa kosa hilohilo, leo nalieleza.

Tuanze na ngoma yenyewe. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki mwingi wa disko ngoma kubwa inapigwa kwenye moja, tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Katika rege ya asili, ule mtindo ambao Wajamaika wanauita wandropu, moja inaachwa tupu. Gitaa linakata kwenye mbili na nne, na ngoma kubwa inaangukia kwenye tatu. Aliyeusambaza mtindo huo duniani kuliko wengine ni Carlton Barrett, mpiga ngoma wa Bob Marley, huku kaka yake Aston akijaza ile nafasi tupu kwa gitaa la besi. Ile moja iliyoachwa ndiyo inayompa mtu mzima nafasi ya kuvuta pumzi. Mwili unayumba tu, huku na huku. Hakuna mtindo wa kujifunza na hakuna wa kukucheka. Mgeni kutoka Ujerumani asiyejua kutikisa bega anaweza kucheza rege, na mjomba mwenye kiuno kibovu anaweza pia.

Raga ni mnyama mwingine. Vijana wa leo wanaiita dansiholi, lakini sisi tuliokuwa sekondari katikati ya miaka ya 1990 tulisema raga na tutaendelea kusema raga. Nilikuwa na kanda moja ya Shabba Ranks iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka nyingine, hata sauti yake ikawa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Hapo raga ilikuwa imeshatimiza miaka kumi tangu izaliwe upya. Mwaka 1985, mjini Kingston, Wayne Smith na Noel Davey walichukua kinanda kidogo cha Casio, aina ya MT-40, wakabonyeza mdundo uliokuwa umewekwa ndani yake na kiwanda, wakaupeleka kwa mtayarishaji King Jammy, naye akaupunguza mwendo. Ukatoka wimbo wa Sleng Teng. Mdundo ule ndani ya kinanda ulitungwa na mwanamke wa Kijapani, Okuda Hiroko, mfanyakazi wa Casio. Tangu siku hiyo mtayarishaji hakulazimika kulipa bendi nzima ili atoe wimbo.

Mdundo wa raga ukiugawa katika vipande vinane unapata tatu, tatu, mbili. Mgawanyo huo tunao katika ngoma zetu nyingi na katika magitaa ya Kikongo, kwa hiyo miguu yetu haipati taabu. Taabu iko kwenye mwendo na kwenye mdomo. Raga nyingi inakwenda mapigo 95 hadi 105 kwa dakika, wakati rege ya taratibu inahesabiwa kama 75. Mdomo ndio hauachi nafasi kabisa. Anayeimba raga anamwaga maneno bila kituo, na asiyeyajua anajiona amealikwa kwenye ugomvi wa watu wengine.

Yule kijana alianza na raga saa nne na nusu, tena raga mpya, tena ile wanayoijua wale wanane. Nilipomuuliza kwa nini, alisema walikuwa wanamshangilia. Ndiyo mtego wenyewe huo. Wanaosimama mbele ya mitambo ni wapenzi wa muziki. Hao watacheza hata ukiwapigia kengele. Usiwatazame. Tazama meza za akina dada na tazama mlango. Dada akishakaa na mkoba mapajani, nusu saa baadaye waliokuja kwa ajili yake nao watakaa, na baada ya hapo mwenye ukumbi anaanza kuhesabu soda zilizobaki kwenye jokofu.

Nikamwambia: katika watu mchanganyiko, kila kundi limekuja na kumbukumbu yake, na kazi yako ni kulifungulia kila moja mlango wake, ukianzia na mlango ambao wote wanaweza kupita.

Kwetu mlango huo ni Lucky Dube. Marley ninamheshimu, aliimba Harare Aprili 1980 bendera ya Zimbabwe ilipopandishwa, na kwa nchi kama yetu, iliyokuwa mstari wa mbele, jambo hilo halisahauliki. Lakini Lucky Dube ndiye aliyeingia ndani ya mabasi yetu. Alikuwa mwimbaji wa mbaqanga, muziki wa Kizulu, kabla ya kugeukia rege katikati ya miaka ya 1980, na kanda zake za Slave ya 1987 na Prisoner ya 1989 zilisikika hadi kwenye vioski ambavyo havikuuza kanda. Alipouawa na majambazi wa magari Johannesburg, Oktoba 18, 2007, hapa Moshi nilisikia nyimbo zake mchana kutwa, duka hadi duka. Anatamka Kiingereza kinachosikika, kinanda chake kinaimbika, na mapigo yake hayamkimbizi mtu. Mjomba anamjua. Mpagazi anamjua. Kijana wa viatu vyeupe anamjua kwa sababu baba yake alimpiga kila Jumapili. Mgeni hamjui, lakini baada ya kiitikio cha kwanza anaitikia kama aliyezaliwa Kwa Sadala.

Mgeni mlango wake ni Marley, na hapa tahadhari inahitajika. Wengi wao wanaijua santuri moja tu, Legend, mkusanyo uliotolewa mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ukiipiga yote mfululizo, wageni watafurahi, na mpagazi aliyezisikia nyimbo hizohizo kwenye gari, hotelini na kambini atajiona bado yuko kazini. Kwa siku saba amebeba mizigo yao huku akiwaimbia Jambo Bwana, ule wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa wa mwaka 1982. Amelipa kiingilio chake leo. Asiimbishwe tena. Chukua Marley mbili, tatu, kisha mpelekee huyo mpagazi rege ya Kiswahili: Justin Kalikawe wa Bukoba, Jah Kimbute na Roots and Culture yake, au Jhikoman wa Bagamoyo. Utaona kinachotokea. Mgeni anamgeukia mpagazi na kumwuliza huyu anasema nini, na kwa mara ya kwanza wiki nzima mpagazi ndiye anayejua.

Hapo ndipo raga inaweza kuingia, lakini iingie kwa mlango wa nyimbo zenye kiitikio cha kuimbwa. Chaka Demus na Pliers wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafaa sana, maana mmoja anabwabwaja na mwenzake anaimba. Asiyemfuata wa kwanza anamngojea wa pili. Shaggy ni hivyohivyo. Kisha uje kwenye Diwali, mdundo wa Steven Marsden uliojaa makofi. Juu ya mdundo huo mmoja waliimba Sean Paul, Wayne Wonder na wengine wengi, na mwaka 2003 wimbo wa Sean Paul ulishika namba moja Marekani. Waliokuwa vyuoni miaka hiyo sasa wana watoto sekondari, na makofi yale yakianza wanainuka bila kuombwa. Desturi hii ya mdundo mmoja na waimbaji wengi ni zawadi kwa mpiga muziki. Unabadilisha sauti, miguu haijui kwamba wimbo umebadilika, na dakika kumi na tano zinapita bila mtu kukaa. Baada ya hapo wapelekee vijana wale wanane vitu vyao vipya, kwa nusu saa, kwa roho safi. Wamengoja.

Kutoka rege ya 75 kwenda raga ya 100 usijaribu kuziunganisha kwa ufundi. Mapigo hayaoani, na utasikika kama gari linalobadilishwa gia bila klachi. Nyamaza. Sema neno moja kwenye kipaza sauti, kisha anza upya. Jamaica wanafanya hivyo tangu miaka ya 1950, akina Duke Reid na Clement Dodd walipokuwa wakipanga spika zao kwenye viwanja vya Kingston. Kule anayechagua santuri ni mtu mmoja na anayesema kwenye kipaza sauti, ambaye wao ndiye wanayemwita dijei, ni mwingine. Kwetu kazi zote mbili anafanya mtu mmoja, ndiyo maana wengi wanasema sana na kuchagua kidogo.

Maneno nayo yachunguzwe. Wengi wetu hatuelewi Kiingereza cha Jamaica, tukadhani basi hakuna anayekielewa. Ukumbini yupo binti aliyesoma nje, yupo mgeni, na siku hizi yupo kijana aliyetafuta maneno kwenye simu. Kuna raga zinazomdhalilisha mwanamke kwa namna ambayo ukiisema kwa Kiswahili mbele ya akina meku utatafutiwa fimbo, na nyingine zinashangilia bunduki au kuhimiza watu wauawe. Hata kwao zimewashinda: Februari 2009 tume ya utangazaji ya Jamaica ilipiga marufuku redioni nyimbo za matusi ya waziwazi. Sikiliza wimbo mzima nyumbani, tafuta maana, na kama una toleo lililosafishwa kwa ajili ya redio, ndilo upige wakati wa mchanganyiko.

Jambo dogo la mwisho ni spika. Rege bila besi ni uji bila sukari, lakini besi ya kupasua katika ukumbi wa bati inageuka kelele ya bati. Kijana yule alikuwa na spika mbili ndogo na alizipandisha hadi mwisho saa nne. Saa sita hakuwa na pa kupanda tena. Anza chini, watu wasalimiane. Mtu aliyemwona binamu yake mara ya mwisho Krismasi ya juzi anataka kwanza kumwuliza habari za mama.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: na wa kufungia je? Nikamwuliza wanaorudi Masama wanaondokaje saa tisa usiku. Akacheka. Wenye magari wanaondoka. Wasio na magari wanangoja alfajiri, gari la kwanza la kuelekea Kwa Sadala, halafu lile la kupandisha kijijini. Wanabaki ukumbini wakiwa wamechoka, viatu mkononi. Basi hao nao ni wateja. Sauti ishushwe, raga ifungwe kabisa, apigwe Gregory Isaacs, na mjomba aliyesinzia kwenye kiti asiamshwe mpaka gari lipige honi.