Lugha ya Kwanza ya Kompyuta: Maswali ya Mwanafunzi wa Tabora

Kitete ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi, wakitanguliwa na kirangozi, walibeba mizigo iliyopimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16, na mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikaribia frasila 2.

Leo kijana wa Kitete anayekaribia kumaliza kidato cha nne hujiuliza habari za safari nyingine: kujifunza lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ili imfae kwa kazi. Maswali yake ni yale yale ya wanaoanza kila mahali, na hesabu ya mzigo wa mpagazi yaweza kusaidia kuyajibu.

Aanze na lugha ipi?

Lugha ya programu ni mkusanyiko wa maneno na kanuni ambazo kwazo mtu huiamuru kompyuta. Lugha hizo ni nyingi: C ilibuniwa mwaka 1972, Python ilitolewa mwaka 1991, nazo Java na JavaScript zilitokea mwaka 1995.

Chukulia mwenye msafara aliye na frasila 61, na kila mpagazi hubeba frasila 2. Je, wapagazi wangapi wanahitajika? Katika C, 61 ikigawanywa kwa 2 jibu ni 30, kwa sababu lugha hiyo, igawanyapo namba nzima kwa namba nzima, huitupa sehemu ya desimali. Katika Python, alama ile ile ya kugawanya huleta 30.5. Majibu yote mawili hayafai: la kwanza huacha frasila moja nyuma, na la pili hutaka nusu ya mtu. Jibu sahihi ni 31.

Hakuna lugha kati ya hizo ijuayo kwamba mtu hagawanyiki. Ajuaye ni mwandishi wa programu, naye hana budi kuagiza hivi: gawanya, ikiwa kuna kinachobaki, ongeza mmoja. Kwa hiyo uchaguzi wa lugha ya kwanza si jambo kubwa kama wengi wanavyodhani. Python humfaa anayeanza kwa kuwa maandishi yake ni mafupi. Akiisha kuizoea vema, lugha ya pili haitakuwa ngeni kabisa, maana kutunza thamani, kuchagua kwa sharti na kurudia hatua ni mambo yaliyomo katika zote.

Je, ni lazima awe bingwa wa hisabati na Kiingereza?

Kazi nyingi za programu zahitaji hesabu za kawaida na fikra iliyopangwa; fani chache, kama vile uchambuzi wa takwimu, hudai hisabati ya juu. Maneno maalumu ya lugha hizi yametokana na Kiingereza, lakini si mengi: katika Python ni 35. Majina ya vitu katika programu mwandishi huyachagua mwenyewe, naye aweza kuandika «frasila» na «wapagazi». Hata hivyo, vitabu na maelezo mengi ya fani hii ni ya Kiingereza, hivyo somo hilo lisipuuzwe.

Je, asiye na kompyuta aweza kuanza?

Aweza, kwa karatasi na kalamu. Aandike hatua zake, kisha azifuate mwenyewe kana kwamba ndiye kompyuta, akijaribu namba mbalimbali. Akijaribu 60 peke yake, programu yenye kosa itajibu 30, naye atadhani ni sahihi. Akijaribu 61, 1 na 0, kosa litafichuka. Lakini mazoezi hayo hayatoshi kwa ajira. Hatimaye ni lazima aandike katika mashine na kuyaona makosa yake.

Je, kazi itapatikana?

Hakuna lugha inayoahidi ajira. Mwajiri hutafuta mtu awezaye kuonyesha kazi aliyoimaliza, na aijuaye shughuli inayohudumiwa. Mfano ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechangia, na ambao hutumika Tanzania. Ndani yake mna Java na JavaScript pia, wala hautengenezwi bila kuelewa kazi ya zahanati na hospitali.

Siku hizi akili mnemba huandika programu kwa muda mfupi. Lakini ikiwa sanduku moja la dawa hutosha wagonjwa 2, na wagonjwa ni 61, programu itakayoagiza masanduku 30 itamwacha mgonjwa mmoja bila dawa, awe aliiandika mtu au mashine. Anayehitajika ni yule atakayelitambua kosa hilo kabla dawa haijaagizwa.

Mwalimu aweza kuanza na darasa lake kesho, hata pasipo umeme. Awape wanafunzi frasila 100, mizigo ya frasila 3 kila mmoja, na sharti kwamba mpagazi wa mwisho asibebe chini ya frasila 2. Waandike hatua kwanza, lugha itafuata.