Akiba ya Karafuu Ihesabiwe Sehemu kwa Sehemu

Kila msimu wa karafuu unapomalizika, linaloulizwa Mjini na mashamba ni moja tu: zimenunuliwa tani ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Tani zilizomo ghalani zaweza kuongezeka bila ya mkarafuu hata mmoja kuongezeka, na zaweza kupungua ilhali miti imezaa vizuri. Kwa hivyo tunaona ni lazima akiba hii itazamwe sehemu kwa sehemu, Unguja mbali, Pemba mbali, na nchi tunazoshindana nazo mbali.

Tuanze na Unguja, kwani ndipo zao hili lilipoanzia. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 mikarafuu ilipandwa Mtoni na Kizimbani, na kwa muda mrefu Pemba ilikuwa ikifuata nyuma. Mambo yaligeuka Aprili 1872. Kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa zaidi ya robo tatu ya karafuu zetu. Baadaye yakaja maradhi ya kufa ghafla, ambayo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 yaliiua mikarafuu mingi ya Unguja iliyokuwa imerudishiwa. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na mzee aliyepoteza shamba lake mara mbili hulaumiwa bure akisita kupanda mara ya tatu.

Lakini upungufu wa siku hizi katika kisiwa hiki haukuletwa na upepo wala maradhi. Mji umetoka Ng'ambo ukaingia mashambani, na palipokuwa na mikarafuu pamegawiwa viwanja. Papo hapo, mikarafuu ya Serikali ilizoeleka kukodishwa kwa msimu, na mkodishaji wa msimu mmoja huchuma, hapandi. Hatumlaumu, hakuna apandaye mti ambao mwakani utachumwa na mwengine.

Pemba hali ni tofauti. Huko miti ipo, lakini kwa miaka mingi tarakimu za ghalani hazikuwa kipimo cha miti. Bei aliyolipwa mkulima ilipokuwa ndogo, karafuu zilivuka usiku kwa magendo hadi pwani ya Kenya, na vitabu vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar vikaonyesha mavuno haba. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha bei kwa kiasi kikubwa, na kuamua kwamba mkulima apate kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, karafuu zikarejea katika vituo vya ununuzi. Je, mikarafuu ilizidi kwa mwaka mmoja? Haikuzidi. Kilichobadilika ni njia ya gunia. Ofisa anayelinganisha mwaka 2010 na 2012 bila ya kulijua hilo ataandika ripoti nzuri juu ya jambo ambalo halikutokea.

Na kuna ghala jengine, la mbali, ambalo limetutawala zaidi kuliko haya yetu. Indonesia ndiyo mtumiaji mkubwa wa karafuu duniani, kwa sababu ya sigara za kreteki, na zamani ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ikaunda chombo kimoja cha kununua karafuu zote, kikiongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Karafuu iliyokauka vizuri hukaa ghalani miaka, na chombo hicho kikalimbikiza akiba kubwa kuliko kilichoweza kuuza. Wakulima wengi wa huko wakaitelekeza miti yao, na mwaka 1998 chombo kikavunjwa. Katika muda huo bei ya dunia, iliyokuwa dola elfu kadhaa kwa tani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imeanguka vibaya mno. Mchumaji wa Wete aliyepanda mkarafuu asubuhi hakuwa na habari ya maghala ya Java, lakini ujira wake kwa pishi ulipimwa huko. Leo Indonesia huvuna zaidi ya tani laki moja kwa mwaka, na Madagascar nayo imetupita. Sisi huhesabu kwa maelfu machache.

Serikali imekuwa ikigawa miche bure, na tunaipongeza kwa hilo. Hata hivyo mche uliogawiwa si mti. Tunaomba Wizara ya Kilimo ihesabu mikarafuu iliyo hai, wilaya kwa wilaya, visiwa vyote viwili, ikitenganisha inayozaa, michanga na iliyozeeka. Na Shirika, pamoja na tani ilizonunua, litangaze kila robo mwaka zilizobaki katika maghala ya Unguja na zilizobaki Pemba. Masheha wanayajua mashamba yao, na kazi hiyo yaweza kuanza kabla ya mavuno yajayo.