Urekebishaji wa Urefu wa Vipande vya Video na Uhakiki wa Data ya Ngano za Kiha

Makala haya yanafafanua namna urefu wa vipande vya video unavyorekebishwa kwenye mstari wa muda wa programu ya kuhariri, na athari zake kwa data ya fasihi simulizi. Mfano unaotumika ni wa mtafiti anayerekodi ngano za Kiha huko Titye, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma.

Kwanza, ieleweke kwamba kufupisha kipande hakufuti picha. Programu husogeza tu mwanzo au mwisho wa sehemu inayoonyeshwa. Faili chasili hubaki ilivyo. Ukingo ukivutwa tena, sehemu iliyofichwa hurejea.

Pili, urekebishaji una njia tatu. Ukingo ukisogezwa peke yake, pengo hubaki. Ukisogezwa pamoja na vipande vinavyofuata, pengo huzibika, lakini jumla ya muda hupungua. Mpaka baina ya vipande viwili ukisogezwa, kimoja hurefuka kwa kiasi kilekile ambacho kingine hufupika, na jumla haibadiliki.

Njia ya pili ndiyo yenye hatari. Tuseme fanani amenyamaza kwa sekunde 2 akingoja itikio la hadhira, na mhariri akakiondoa kimya hicho. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu 50 zimeondoka. Unukuzi uliofanywa kwa programu ya ELAN, iliyoundwa na Taasisi ya Max Planck ya Isimusaikolojia huko Nijmegen, Uholanzi, huhifadhiwa katika faili ya peke yake inayofungamana na video kwa alama za wakati. Kwa hiyo, neno lililonukuliwa katika dakika 3 na sekunde 10 sasa litasikika katika dakika 3 na sekunde 8, na mtahini atakayelitafuta atakuta jingine. Zaidi ya hayo, kimya kilichoondolewa ni sehemu ya utendaji, nacho ni data.

Hata mkato mdogo una uzito. Fremu moja ni milisekunde 40. Kwa kuwa Kiha hutofautisha maana kwa urefu wa irabu, fremu mbili zikiondolewa ndani ya neno, irabu ndefu yaweza kusikika kama fupi.

Hivyo basi, unukuzi na uchambuzi ufanywe kwenye rekodi kamili. Nakala ya maonyesho ifupishwe baadaye, ikiambatishwa jedwali linaloonyesha kila mkato ulipoanzia na ulipoishia. Kwa njia hiyo, hoja ya mtafiti itaweza kupimwa kwa sauti ya fanani mwenyewe.