Sarufi Isomwayo kwa Raha: Mfano wa Jina la Kwamndolwa

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi huiona sarufi kuwa orodha ya istilahi za kukariri. Makala haya yanadai kwamba kitabu cha sarufi huburudisha kinapomwezesha msomaji kugundua kanuni katika maneno anayoyatumia kila siku, wala si kwa kupambwa vichekesho.

Mkabala huu si mgeni katika maandishi yetu. Mwaka 1954 Shaaban Robert alichapisha *Kielezo cha Insha*, na Kaluta Amri Abedi *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Wa kwanza anafundisha insha kwa kuandika insha. Wa pili anaziambatanisha sheria na diwani yake mwenyewe. Sarufi ya lugha nayo yaweza kuandikwa hivyo.

2.0 Jina kama Somo

Tuchukue Kwamndolwa, kata iliyoko Korogwe, mkoani Tanga. Majina ya namna hiyo ni mengi Korogwe na Handeni: Kwagunda, Kwamsisi, Kwamatuku. Je, *kwa* hiyo ina udugu gani na *kwetu*? Tulinganishe:

(a) kitabu cha Mndolwa, kitabu chake
(b) nyumba ya Mndolwa; nyumba yake
(c) nyumbani kwa Mndolwa, nyumbani kwake

Tukiliondoa neno *nyumbani* katika (c), hubaki *kwa Mndolwa* na *kwake*. Kumbe jina la kata ni kirai kilichoachwa na neno lake kuu.

Hata hivyo, anayekwenda kwa Mndolwa atabisha hodi mlangoni. Anayekwenda Kwamndolwa atapanda basi. Sikio halitofautishi, ila muundo hutofautisha. Wa kwanza aweza kusema "nakwenda kwa mzee Mndolwa". Wa pili akilipachika neno *mzee* katikati, ama atakuwa amerudi mlangoni kwa mtu, ama amebuni kijiji kipya. Kirai kimeganda kuwa neno moja, ndiyo maana huandikwa pamoja.

Hapo ndipo istilahi *kiambishi ngeli* na *-a unganifu* zinapostahili kutajwa: mwanafunzi ameshaviona vitu vyenyewe, anapewa majina yake tu.

3.0 Hitimisho

Mkabala huu hauchukui nafasi ya maelezo ya kitaalamu, kama yale ya *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu* (1999). Unamwandalia msomaji njia ya kuyafikia. Tunapendekeza kila sura ianze na swali litokalo katika matumizi, istilahi ifuate. La sivyo, tutaendelea kulea wasemaji wanaoipenda lugha barazani na kuiogopa darasani.