Kuupata Uraia wa Tanzania: Maelezo kwa Mapadri na Makatekista

Katika parokia zetu za kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Uvira mupaka Moba, ni vigumu kuona jamaa isiyo na ndugu ngambo. Wengine walivuka kwa ajili ya uchuruzi wa samaki na mafuta ya ngazi. Wengine walikimbia vita vya mwaka 1964, na wengine tena vita vya 1996 na 1998. Walifikiri watakaa miezi michache. Leo wana wajukuu kule. Nao, wakirudi kusalimia wazazi ao wakituandikia barua, wanauliza sikuzote neno moja: «Padri, miaka hii yote niliyokaa Kigoma, je, mimi si mutu wa Tanzania sasa?» Tumeona vema kulieleza neno hili wazi, kwa kuwa padri na katekista ndio wanaoulizwa kwanza, na jibu baya linaweza kumupotezea mutu shamba lake, hata inchi yake.

Jibu ni: hapana. Kukaa peke yake hakumupi mutu uraia, hata akikaa miaka makumi tano.

Sisi watu wa seminari twaweza kudanganyika hapa, kwa sababu tumezoea sheria ya Eklezya, na kule mambo ni mengine. Kanuni ya 102 yasema kwamba mutu akikaa katika parokia ao katika diosezi miaka mitano kamili, amekwisha kupata makao, yale Kilatini inaita domicilium, hata asipoomba kitu. Na kanuni ya 268 yasema juu ya padri aliyehamia kwa halali katika diosezi isiyo yake: akikaa miaka mitano na kuwaandikia maaskofu wote wawili mapenzi yake, nao wasipokataa kwa maandishi katika miezi mine, amekuwa padri wa diosezi ile. Kunyamaza kwa wakubwa kunahesabiwa kuwa kukubali. Serikali haihesabu hivyo. Kwake, kunyamaza ni kunyamaza tu, na mugeni anabaki mugeni.

Basi sheria yataka nini? Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ya mwaka 1995. Mugeni mwenye kuwa mutu muzima anaingia kwa njia ya kuomba, ambayo wenyewe wanaiita tajnisi. Watu wengi wamesikia habari ya «miaka saba», wakasahau mengine. Hesabu yenyewe ni hii: lazima mutu awe amekaa Tanzania mwaka wote unaotangulia ombi lake, tena, katika miaka kumi iliyo mbele ya mwaka ule, awe amekaa jumla ya miaka saba. Tuseme mutu anaomba mwanzoni mwa Januari 2026. Mwaka 2025 wote awe alikuwa kule. Na toka 2015 hata mwisho wa 2024, tumuhesabie miaka isiyopungua saba. Yule mwenye kuvuka kila mara kuuza dagaa Kalemie, na kulala kwa muke wake wa kwanza miezi mitatu, afanye hesabu yake vizuri. (Habari ya muke wa kwanza na wa pili tutaiongea siku nyingine.)

Yapasa tena ajue Kiswahili ao Kiingereza. Kwa shariti hili watu wetu hawana shida. Kule wanatucheka tu tunaposema «ao» na «inchi», lakini sheria haikatazi. Yapasa awe mutu wa tabia njema, aonekane kuwa anaweza kuleta faida kwa inchi, na awe na nia ya kudumu kule. Tena ombi lake linatangazwa katika gazeti, ili mwenye neno la kumupinga aandike. Mwishoni kabisa Waziri anakata shauri, na sheria haimulazimishi kutoa sababu, wala mwenye kukataliwa hawezi kupeleka shauri lile mbele ya tribinali. Mutu anaweza kutimiza mashariti yote na kukataliwa. Hilo tuwaambie watu mapema, wasije kuuza ngombe na kulipa feza nyingi kwa kufikiri kwamba wamenunua kitu cha sokoni. Katika Matendo ya Mitume, yule jemadari wa Yerusalemu aliununua uraia wa Roma kwa feza nyingi, naye Paulo alikuwa nao tangu kuzaliwa. Lakini hata jemadari yule alimuhitaji mukubwa wa kuukubali.

Juu ya wanawake na watoto tuseme kwa ufupi. Mwanamuke mugeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana njia yake iliyo nyepesi zaidi. Mwanaume mugeni aliyeoa binti wa kule hana njia ile. Anafuata miaka saba kama wengine. Tunaona sheria hii haiwatendei sawa mume na muke, lakini ndivyo ilivyo. Na juu ya watoto waliozaliwa kule: mutu akisoma kifungu cha 5 kwa haraka, atafikiri kila aliyezaliwa Tanzania ni raia. Biro za uhamiaji hazikisomi hivyo. Zinatafuta muzazi mumoja aliye raia. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Kigoma kwa baba na mama wa Fizi asijisifu mapema. Lakini muzazi akipata uraia, anaweza kuwaombea watoto wake ambao hawajatimiza miaka 18.

Kuna mufano mumoja mukubwa ambao kila musomaji wetu aujue. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza Wahutu wengi sana, na Tanzania iliwapokea, ikawapa pori la kulima kwa Ulyankulu, upande wa Tabora, na kwa Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda. Walikata miti, wakalima mahindi, muhogo na tumbako, wakajenga masomo na makanisa. Baada ya miaka michache walijilisha wenyewe bila chakula cha musaada. Lakini miaka makumi tatu na mitano walikaa hivyo, wenye ghala kujaa na wasio na inchi: hawakuweza kupiga kura, wala kutoka katika makao yao bila ruhusa. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania, ile ya Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walifanya mapatano. Kila mutu aliulizwa: warudi kwenu, ao wabaki? Karibu watu wane katika watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu karibu 162,000 yalikubaliwa.

Hapo ikaingia taabu. Karatasi hazikutolewa. Serikali ilitaka kwanza waache makao yale na kutawanyika katika mikoa mingine, wachanganyike na raia wengine. Nani angeacha shamba alilolilima tangu ujana, na makaburi ya wazazi wake, kwenda asikojua? Walingoja. Uraia wa Burundi walikuwa wameuacha kwa mapenzi yao, na karatasi ya Tanzania hawakuwa nayo mukononi. Miaka mine walikaa katikati. Mwezi wa 10 wa mwaka 2014, Rais Jakaya Kikwete akaanza kuwagawia karatasi, na shauri la kuwatawanya likaachwa. Tunalitaja jambo hili kwa heshima: inchi isiyo tajiri ilifanya raia kwa mara moja watu wengi kuliko muji muzima. Lakini watu wasichanganye mambo. Hii ilikuwa zawadi ya serikali kwa watu wa 1972. Mulango ule haukufunguliwa kwa wakimbizi wa makambi ya miaka ya 1990, kama ndugu zetu wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 upande wa Kasulu. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, katika kifungu cha 34, yanaziomba serikali zirahisishe njia ya wakimbizi kuwa raia na kupunguza malipo. Yanaziomba «kadiri inavyowezekana», hayazilazimishi. Basi mutu wa kambi asidanganywe na yeyote anayemuuzia «fomu ya uraia».

Wengine wanatuambia tena: lakini Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sisi wote si wamoja? Jumuiya inasaidia uchuruzi na safari. Uraia haigawi.

Sasa tuangalie upande wetu, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, yasema uraia wa Congo ni mumoja na hauchanganyiki na mwingine. Sheria ya 12 Novemba 2004 yasema vilevile. Tanzania nayo haikubali mutu muzima awe na uraia wa inchi mbili. Kwa hiyo siku anapoapa kule, amepotea huku. Kiwanja chake cha Uvira, akikishika kwa «concession perpétuelle», kinakuwa mashakani, kwa sababu sheria ya udongo ya mwaka 1973 inawapa haki ile Wakongomani peke yao. Atavuka mupaka wa inchi ya babu yake kwa pasiporti ya mugeni. Wazee wanauliza: je, nitazikwa kwetu? Naam, hilo hakuna sheria inayolikataza. Na aliyekuwa Mukongomani wa asili anaweza kuurudia uraia wake kwa kutoa tangazo mbele ya wakubwa, akiacha ule mwingine. Mulango haukufungwa na kufuli, lakini asitazamie kutoka na kuingia kila mwaka.

Kwa sababu njia ni ndefu, wengine wanashika njia ya mukato: wanasema walizaliwa Ujiji. Hapo wanakuja kwetu, wakitaka karatasi ya ubatizo yenye kusema hivyo. Kusema uongo katika ombi la uraia ni kosa mbele ya sheria, tena uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kunyanganywa hata nyuma ya miaka mingi, wakati mutu amekwisha kujenga na kuoza watoto. Padri anakili kilichoandikwa katika buku la ubatizo, hakuna zaidi. Katika barua ya tabia njema aandike anachokijua mwenyewe: tangu mwaka gani amemuona mutu huyu parokiani, anafanya kazi gani, anaishije na jirani. Na kama buku liliunguzwa na vita, kanuni ya 876 inakubali shahidi mumoja asiye na mashaka, ili kuhakikisha kwamba mutu amebatizwa. Shahidi yule anahakikisha ubatizo tu. Juu ya mahali pa kuzaliwa, nafasi ile katika karatasi ibaki wazi.