Ukutani Aanze Shahanga

Oya wanangu wa Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini, hili tulimalize leo. Kijiwe cha boda hakikosi chalii wa kusema tujenge ukumbi wa magwiji wa riadha huku kwetu, tubandike picha, madogo wapite waone. Wazo ni fresh kinoma na mimi naliunga mkono kuanzia msingi mpaka bati. Ugomvi unaanza kwenye jina la kwanza. Masela wengi watakutajia Mzee John Stephen Akhwari kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nasema ni Mzee Gidamis Shahanga, Mbarbaig wa Hanang, na sirudi nyuma.

Unyamwezini ubishi huu upo kila mwaka. Mtu anacheza futiboli yao, ile ya mpira kama yai na kofia ngumu, anaanzia chuoni, anaingia ligi ya kulipwa, akistaafu watu wanashikana mashati kama anastahili jumba la magwiji lililoko Canton, Ohio. Sisi mchezo huo hatuna. Ila Wabongo waliopita chuo cha Marekani wakawasha moto tunao, na wao silaha yao ilikuwa miguu. Shahanga na Zakaria Barie wote walikuwa wakimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, mji wa jangwani mpakani na Mexico. Suleiman Nyambui wa Mara naye alipita hapo hapo.

Kile chuo kilikuwa balaa. Kwenye mbio za nyika, nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Ukikamata nafasi ya kwanza mpaka ya tano unapata 15, chini ya hapo haiwezekani. Mwaka 1981, kwenye fainali ya vyuo vya Marekani nzima, El Paso walimaliza na 17. Yaani vyuo vingine vyote vilikwenda kusindikiza. Nyambui alikuwa ameshabeba taji la mtu mmoja mmoja 1980, na 1983 Barie naye akalichukua. Mchizi wa Kibongo, bingwa wa nyika wa vyuo vya Marekani! Muulize dogo yeyote stendi ya Katesh jina la Barie, atakukodolea macho. Ila ukimuuliza nani kapachika bao la pili la Simba juzi, anakutajia mpaka dakika.

Sasa rudi kwa Shahanga. Agosti 1978, Edmonton, Kanada, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Chalii hajafikisha hata miaka 21, na kwenye mstari yupo Jerome Drayton, Mkanada, yuko nyumbani, mashabiki wote wake. Shahanga akamwacha hapo hapo kwao, akamaliza maratoni kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 40 na dhahabu ikaja Bongo. Wakimbiaji wengi wa maratoni wanakomaa wakiwa na miaka karibu 30. Huyu alitoboa akiwa na umri ambao wengi wetu bado tunaomba nauli kwa maza.

Miaka minne baadaye, michezo ile ile ikiwa Brisbane, Australia, akabadili kabisa aina ya mbio. Mita 10,000, mizunguko 25 ya uwanja, na mzunguko wa mwisho ukabaki wa Wabongo wawili. Shahanga kamaliza kwa dakika 28 sekunde 10.15. Barie nyuma yake, 28:10.55. Hebu pima hiyo: wamekimbia kilomita kumi kwa kasi ya ajabu, halafu kinachowatenganisha ni sehemu nne za kumi za sekunde. Mwingereza Julian Goater aliyeshika shaba alikuja sekunde kama sita baadaye. Halafu mwamba hakupumzika. Siku chache mbele akaingia tena barabarani kwenye maratoni, yeye na Juma Ikangaa wakachomoka na kuongoza pamoja, mpaka Rob de Castella wa Australia alipokuja kuwapita. Ikangaa alibaki na fedha, Shahanga akamaliza wa sita, na mimi hiyo ya sita naiheshimu kinyama, maana miguu ilikuwa imeshabeba dhahabu wiki hiyo hiyo. Mwaka 1984 akaenda Rotterdam, akashinda na kule.

Dhahabu ya maratoni na dhahabu ya mita 10,000, michezo miwili mfululizo. Kama huyo haanzi ukutani, ukuta wenyewe tuuvunje.

Najua mtakuja na Akhwari. Anaingia, hakuna wa kumzuia. Mexico, Oktoba 1968, kwenye maratoni ya Olimpiki, alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, watu wamebaki wachache. Kwenye orodha ya waliomaliza ni wa 57, wa mwisho, lakini kuna 18 walioanza naye ambao hawakuufikia mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Ninachokataa ni kumweka kama mtu wa kuanguka tu. Mwaka 1970, Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye maratoni ya Jumuiya ya Madola kwa 2:15:05, muda mzuri kuliko ule uliompa Shahanga dhahabu Edmonton. Mzee alikuwa mkimbiaji wa nguvu kabla ya goti na baada ya goti. Picha ya Edinburgh ikae pembeni ya ile ya bandeji, zilingane ukubwa.

Filbert Bayi ni wa Karatu, na Karatu ilikuwa Mbulu kabla wilaya haijagawanywa, kwa hiyo namdai. Christchurch 1974 alikimbia mita 1,500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, akaongoza kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku John Walker wa New Zealand anamfukuza. Mwaka 1976, kwenye Olimpiki ya Montreal, walikuwa wakutane tena. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusa, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi akiwa nyumbani. Hapo ndipo hasira yangu inapowaka. Shirikisho la riadha la dunia lilipoanzisha ukumbi wake wa magwiji 2012, kigezo kikuu kilikuwa dhahabu mbili za Olimpiki au za ubingwa wa dunia, pamoja na rekodi ya dunia. Mtu aliyeacha dhahabu kwa ajili ya Mwafrika mwenzake anahesabiwaje kwa mizani hiyo? Ukumbi wetu uhesabu na kile mtu alichokiacha.

Gabriel Geay asubiri. Maratoni ya Boston 2023 alikuwa wa pili, mbele ya Eliud Kipchoge, na Valencia 2022 aliweka rekodi ya taifa, 2:03:00. Kazi safi, ila magwiji tuwaingize wakishatundika raba. Alphonce Simbu aliyebeba dhahabu ya dunia Tokyo 2025 ni wa majirani zetu Singida, hao wajenge wa kwao, tutakwenda kuwatembelea.

Hela isiwe kisingizio. Halmashauri itoe chumba kimoja, fundi wa vioo yupo, na wenye malori ya vitunguu swaumu vya Bashay wakichangishwa kistaarabu hawawezi kukataa. Kazi ngumu ni kukusanya vitu: namba za kifuani, raba, magazeti ya 1978 na 1982, na sauti za wazee waliokimbia na hawa watu kwenye mashindano ya shule. Kama babu yako ni mmoja wao, mpelekee chai, muamkie vizuri, washa simu umrekodi akianza na mwaka na jina la shule. Mimi naanzia Katesh mnadani, wewe kamata Haydom.