Samaki Wadogo, Amana Kubwa

Watoto wetu huwapenda samaki wa tangini, na huweza kuwaua kwa mapenzi hayo hayo. Neon tetra, mwenye urefu wa sentimita 3 hivi, ana kinywa kidogo mno. Chakula chake tukisage kwa vidole, tumpe mara 2 kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa dakika 2. Kinachobaki huoza na kutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Kila wiki tubadilishe robo ya maji, wala si yote. Ya mfereji yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Samaki naye, ndani ya kioo, hawezi kujitafutia. Shibe yake na usafi wa maji yake ni amana juu yetu.